Mwezi wa mwisho kabla ya mtihani wa uzamili wa tiba: funga kitabu, jiulize

Umebaki mwezi mmoja kabla ya mtihani wa kuingia masomo ya uzamili. Daktari aliyemaliza intani, yaani mwaka wa mafunzo ya wodini, mwaka juzi, sasa akiwa katika kituo cha afya ngazi ya nne mbali na Kampala, ananipigia simu usiku akitoka chumba cha upasuaji: "Mwalimu, nimemaliza sura tisa tu kati ya thelathini. Nianzie wapi?" Kila msimu wa maombi napokea simu za namna hii, za madaktari wa tiba na za madaktari wa meno. Jibu langu huwashangaza: sura zilizobaki ziache.

Simwambii hivyo kwa kumkatisha tamaa. Mtu anayeshika zamu hawezi kusoma sura ishirini na moja kwa wiki nne na zikamkaa. Anachoweza ni kuvuta yale aliyokwisha kuyaweka kichwani kwa miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa wodi, na mtihani wenyewe hautaki zaidi ya hapo. Kurudia kwa mara ya tatu ukurasa uliojaa mistari ya rangi kunaburudisha, maana macho yanautambua. Lakini kutambua ni jambo moja, kukumbuka ni jingine. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi yao wakasoma tena, wengine wakafunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye, waliosoma tena ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na walioandika bila kuchungulia wakawa wanakumbuka zaidi. Mtihani wako hauko dakika tano mbele.

Basi kila siku anza na maswali, si na kitabu. Maswali 40 yanatosha kwa mtu anayefanya kazi, ilimradi uyajibu ukijipimia muda, bila simu pembeni, kisha utumie muda mrefu zaidi kuyasahihisha kuliko uliotumia kuyajibu. Kuwa na daftari la makosa. Usiandike humo jibu sahihi tu, andika kilichokukosesha. Je, hukujua kabisa? Ulijua, ila hukuliona neno "isipokuwa"? Au ulikuwa umeshapata, ukafuta kwa woga? Wengi ninaowafundisha hudhani wanafeli kwa kutojua. Tukifungua daftari pamoja tunakuta kurasa nzima za haraka na woga, na hayo yanatibika ndani ya mwezi.

Jambo la pili ni kulifuata swali moja hadi mwisho wake, na hapa nitakawia kidogo. Chukua mtoto wa miaka 6 mwenye uvimbe wa taya na meno yanayolegea. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza ugonjwa huu, saratani inayoitwa leo limfoma ya Burkitt, mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona hapa kwetu. Miaka michache baadaye vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikaonekana ndani ya seli zake. Sasa funga kitabu na ujiulize. Ni kromosomu zipi zimebadilishana vipande? Ya 8 na ya 14, mara nyingi. Jeni gani inaachwa ikifanya kazi bila breki? MYC, inayoisukuma seli kugawanyika. Chini ya hadubini unaona nini? "Anga yenye nyota": seli nyeupe zilizotawanyika kati ya seli nyeusi zilizosongamana. Kwa nini mtoto anaweza kufa siku chache baada ya kuanza dawa, wakati uvimbe wenyewe unanywea? Kwa sababu seli zinavunjika kwa wingi mno: potasiamu, fosfeti na asidi ya uriki vinapanda, kalsiamu inashuka, figo zinalemewa. Mgonjwa mmoja amekupitisha katika patholojia, jenetiki, famakolojia na wodi ya watoto. Na mara nyingi wa kwanza kumwona ni daktari wa meno, kwa hiyo ninawahimiza wa meno na wa tiba waulizane kwa simu, hata robo saa kwa siku. Kila upande una jambo ambalo mwenzake amelisahau.

Wodi nayo ni kitabu kilicho wazi. Mgonjwa wa kilo 60 ameungua asilimia 30 ya mwili, akafika saa tatu baada ya ajali. Fomula ya Parkland, ya kukadiria maji ya mshipani kwa aliyeungua, inatoa mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia: jumla 7,200, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza. Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, wala si tangu alipofika kwako. Zimebaki tano, kwa hiyo ni mililita 720 kwa saa. Aliyeipiga hesabu hiyo kitandani mwa mgonjwa hatatetereka akiikuta kwenye karatasi. Kwa daktari wa meno, mtoto wa kilo 20 na dawa ya ganzi, lidokaini ya asilimia 2: ukomo wa miligramu 4.4 kwa kilo ni miligramu 88, na katriji (kichupa cha sindano ya ganzi) ya mililita 1.8 ina miligramu 36. Mbili zinaruhusiwa, ya tatu inavuka.

Maswali mengi ya mtandaoni yametungwa kwa ajili ya Marekani, Uingereza au India. Yafanye, yananoa akili, ila mtihani wa hapa ujibu kwa mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya ya Uganda. Mtoto wa kilo 15 mwenye malaria kali hupewa dawa ya sindano, atesuneti, miligramu 3 kwa kilo, si 2.4 ya mtu mzima. Swali kama hilo hulipati kirahisi katika mkusanyo uliotungwa Chicago.

Soma pia kanuni za alama mapema. Mtihani wa India wa kuingia uzamili wa udaktari, NEET-PG, ambao baadhi ya vijana wetu waliosomea huko wanaujua, una maswali 200. Jibu sahihi ni alama 4, kosa linakata 1. Kwa kanuni hiyo, hata kubahatisha kati ya majibu manne hakuleti hasara kwa wastani, na ukishaondoa moja au mawili faida inaonekana wazi. Pale ambapo kosa halikati kitu, kuacha swali tupu ni kutupa alama. Pale linapokata sawa na unachopata, subiri hadi ubaki na majibu mawili na sababu ya kuchagua moja.

Kuhusu usingizi siwezi kusema kwa upole. Ubongo huyapanga uliyojifunza ukiwa umelala, na daktari aliyetoka zamu ya usiku akaketi kusoma hadi mchana anapoteza usiku na mchana pia. Lala kwanza, hata kwa muda wa saa nne tu, ndipo ufungue maswali. Ongea na mkuu wako wa kituo leo, wala si wiki ya mwisho, mbadilishane zamu ili siku tatu kabla ya mtihani usishike usiku. Ukitoka mbali, fika mjini siku moja mapema, uione njia ya kwenda ukumbini kwa macho yako. Jioni hiyo usiongeze kitu kipya. Pitia daftari la makosa mara moja, weka kitambulisho na kalamu mahali pamoja, na kufika saa tatu usiku taa iwe imezimwa.