Kipande cha kanga mfukoni: dhana potofu na ukweli kuhusu mtoto anayeanza chekechea

Dhana: Toroka kimyakimya akiwa anacheza, hatajua.

Atajua, tena mapema. Atakachojifunza ni kwamba mama hupotea ukigeuza kichwa, na jioni hatakubali hata uingie chooni peke yako. Mtoto aliyeagwa hulia mbele yako, akanyamazishwa na mwalimu. Aliyetorokwa hukesha akikuchunga. Aga waziwazi, kwa maneno yaleyale kila siku, dakika moja au mbili, kisha ondoka. Ukirudi dirishani kuchungulia, umeanza upya.

Dhana: Anayelia kwa kuachwa amedekezwa.

Hofu ya kutengana huanza mtoto akiwa na miezi kama sita hadi minane, hupamba moto kati ya miezi 10 na 18, na kwa kawaida hupungua anapokaribia miaka mitatu. Kuanza shule huiamsha tena, hata kwa mtoto aliyelelewa kwa fimbo. Kilio cha mlangoni huonyesha kwamba anajua nani wake. Swali la kumuuliza mwalimu ni muda: alinyamaza baada ya dakika ngapi, na alikunywa uji?

Dhana: Ukimpa kitu cha kukukumbuka, atalia zaidi.

Hapa ndipo wazazi wengi, na hata walimu, hukosea. Mtoto wa miaka mitatu hakusahau ili akumbushwe. Anakuwaza tangu umfungie kiatu. Anachokosa ni kitu cha kushika mawazo yakimzidi. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika kuhusu vitu vya namna hii mwaka 1953: blanketi au kitambaa ambacho mtoto hukitumia kama daraja kati ya mama na dunia ya nje.

Sisi kitambaa tunacho, na kimeshagawanywa tayari. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa). Mtoto anaelewa haraka kwamba hiki ni nusu na nusu nyingine anayo mama. Kwa baba, kikoi au shati kuukuu hufanya kazi hiyohiyo.

Dhana: Lazima kiwe kipya na kipendeze.

Kanga mpya ina wanga, haina harufu yako, na rangi yake huchuja kwenye shati la sare. Kama huna nyingine, ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Bora zaidi ni ile unayojifunga nyumbani, ila usikate palipochakaa: nyoosha kitambaa mbele ya mwanga, na ukiona nyuzi zimeachana, hama.

Utashona vimto viwili vidogo vya mfukoni: kata vipande vinne vya sentimita 9 kwa 9, viwili kwa kimto chake, viwili kwa chako. Tafuta alama moja, tuseme korosho, iangukie katikati ya kila kimto, maana mtoto hasomi jina bali alama ataitambua popote. Weka vipande viwili nyuso zikitazamana. Kunja kitambaa cha sentimita 12 kwa 3 kiwe utepe, kisha ukunje kitanzi na ukiingize ndani kwenye kona, ncha zake mbili zikitokeza nje. Shona sentimita moja kutoka ukingoni kwa uzi uliokunjwa mara mbili, sindano ikirudi nyuma nusu hatua kila inapotoka. Acha mdomo wa sentimita 4. Punguza kona kwa mkasi bila kugusa mshono, la sivyo ukikigeuza zitabaki butu na nene. Kigeuze, sukuma kona kwa kitako cha penseli, jaza, ziba mdomo kwa mishono midogo.

Usikijaze sana. Kikivimba kama andazi hakiingii mfukoni, na kisichoingia mfukoni hubaki kwenye mkoba, mbali na mkono. Sufi ni laini lakini ikilowa hujikusanya mabonge. Vipande vidogo vya kanga hiyohiyo hustahimili kufuliwa. Mchele na maharage ni mwiko: hupata wadudu, na mshono ukifumuka huishia puani.

Dhana: Kipambe kwa shanga na vifungo.

Kitu chochote kinachopita kwenye kiini cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto mdogo. Mapambo yawe ya uzi tu. Kitanzi kifungwe ndani ya mfuko kwa pini? Hapana, kwa mishono miwili mitatu. Na kamwe usimvike shingoni.

Dhana: Mpe asubuhi ya kwanza, atashangaa na kufurahi.

Atakuwa na mambo mengi ya kushangaa siku hiyo. Anza wiki moja kabla. Achague kanga, ajaze kimto mwenyewe, mlale nacho wewe na yeye siku mbili tatu kipate harufu ya nyumbani (manukato na udi si lazima, na humdhuru mwenye pumu). Kisha fanyeni mazoezi: unaenda dukani, yeye anabaki na bibi. Gusa chako, aguse chake: “Wewe unacho, mimi ninacho. Nitakuja mkishamaliza uji na mchezo wa nje.” Usiseme saa sita, saa haioni, uji anauona. Na uwe pale kweli, kwa sababu ukichelewa mara mbili kimto hakitakuokoa.

Shona cha akiba na muwe mnavibadilisha, vyote vipate harufu. Cha akiba kisichoguswa kitakataliwa siku ile cha kwanza kikipotea kwenye gari la shule. Mwambie mwalimu kimto ni cha nini, aruhusu kitolewe wakati wa kulala. Asikitumie kumtishia: “Ukilia nakunyang’anya.”

Dhana: Akishazoea, kiondoe.

Kilio hurudi Jumatatu, baada ya likizo, baada ya homa, au mdogo wake akizaliwa. Acha akisahau mwenyewe, na hata akikisahau usikitupe.

Dhana: Kila kilio ni cha kuachwa.

Kama hofu imepita wiki nne bila kupungua, na ina kutapika, kukosa usingizi au kukojoa kitandani ilhali alishaacha, mpeleke kliniki. Na aliyekwisha kuzoea akagoma ghafla, hasa akimkwepa mtu mmoja au chumba kimoja, usimshonee chochote. Keti naye chini, muulize taratibu nani alikuwepo na walifanya nini, kisha nenda shuleni siku hiyohiyo.