Umask: chujio la ruhusa za faili katika programu ya C

Ukitengeneza faili kwa fopen, fanksheni ya C ya kufungua faili, C haikuulizi popote nani aruhusiwe kuisoma. Lakini ukiitazama baadaye kwa `ls -l` unakuta `-rw-r--r--`: mwenye faili anasoma na kuandika, kundi lake na watu wengine wanasoma tu. Nani aliamua hivyo?

Waliamua wawili. Kwanza kuna ombi: fopen, inapotengeneza faili mpya, huomba 0666, yaani kila mtu asome na aandike (tarakimu tatu za mwisho ni za mwenye faili, kundi na wengine, kwa mpangilio huo). Kisha kuna umask, namba ambayo kila mchakato (programu inayoendeshwa) unatembea nayo, na kernel, kiini cha mfumo wa uendeshaji, huitumia kufuta baadhi ya ruhusa zilizoombwa. Kwenye mashine nyingi za Linux namba hiyo ni 022. Umask haitoi ruhusa hata siku moja. Kazi yake ni kunyang'anya tu.

Tazama tarakimu moja kwa karibu. 6 kwa biti ni 110: kusoma ndiyo, kuandika ndiyo, kuendesha hapana. 2 ni 010. Kila penye 1 kwenye umask, ombi linafutwa, kwa hiyo 110 inabaki 100, ambayo ni 4. Ndiyo maana 0666 ikawa 0644.

Wengi hufundishwa kwamba hapa tunatoa, 666 kasoro 022. Jibu linaangukia sawa kwa bahati tu. Jaribu umask ya 033: kwa kutoa utapata 633, yaani umewapa wengine ruhusa ya kuendesha faili ambayo hakuna aliyeiomba. Jibu la kweli ni 0644 tena, kwa sababu kernel inabakiza tu biti za ombi ambazo umask haina: `ombi & ~umask`.

Kuibadilisha ndani ya programu ni mstari mmoja:

```c
#include <sys/stat.h>

mode_t ya_zamani = umask(077);
```

Kuanzia hapo faili za fopen zinazaliwa na 0600, na saraka uliyoiombea 0777 kwa mkdir inapata 0700. Fanksheni hii haishindwi kamwe, na inakurudishia thamani ya awali. Tatizo ni kwamba huwezi kuisoma thamani hiyo bila kuibadilisha; inabidi uweke nyingine halafu urudishe. Na kwa kuwa thredi zote za mchakato (nyuzi za kazi zinazokwenda sambamba ndani yake) zinatumia umask moja, thredi nyingine inaweza kutengeneza faili katikati ya hatua hizo mbili. Linux tangu toleo la 4.7 inaionyesha kwenye `/proc/self/status`, njia salama zaidi ya kuichungulia.

Kwa faili yenye siri, mimi siitegemei umask. Naomba kidogo tangu mwanzo:

```c
int fd = open("siri.txt", O_WRONLY | O_CREAT | O_EXCL, 0600);
```

Umask iwe yoyote ile, kundi na wengine hawatapata kitu hapa. Kutengeneza faili kwanza halafu kuifunga kwa chmod (amri ya kubadilisha ruhusa za faili iliyopo) si sawa na hivi: aliyewahi kuifungua kabla ya chmod anaendelea kuisoma.

Hiyo sifuri ya mbele ya 0600 usiidharau. Ndiyo inayoiambia C kwamba namba ni ya msingi wa 8. Ukiandika 644 bila sifuri, umeomba 01204, ambayo inamnyima mwenye faili haki ya kuisoma huku ikiwaruhusu watu wengine. Kompaila haitasema neno. Vilevile O_CREAT (inayoagiza faili itengenezwe) bila ile hoja ya tatu, yaani ruhusa zenyewe, mara nyingi inapita kimya, na ruhusa zinaokotwa kutoka kwenye takataka za kumbukumbu. Niliwahi kumaliza jioni nzima nikitafuta kwa nini faili zangu zinabadilika ruhusa kila nikiendesha programu, na kosa lilikuwa hilo.

Mchakato mtoto hurithi umask ya mzazi, na exec, inayoingiza programu nyingine ndani ya mchakato uleule, haiifuti. Kwa hiyo programu za huduma zinazokaa nyuma ya pazia kwa desturi huita `umask(0)` zinapoanza, ili zisifuate umask ya yeyote aliyeziwasha. Ukifuata desturi hiyo, chujio limeondoka: kila open lazima itaje ruhusa zake kwa makini, na fopen yoyote iliyosahaulika humo ndani itazaa faili ambayo kila mtumiaji wa mashine anaweza kuiandika.