Mifumo Changamano: Maana Yake na Namna ya Kuifundisha Katika Masomo ya Sayansi

Neno changamano limetokana na kitenzi kuchangamana, yaani kuingiliana na kuchanganyika pamoja, na asili hiyo inaieleza dhana vizuri kuliko fasili nyingi. Mfumo changamano ni mfumo wenye sehemu nyingi zinazoathiriana zenyewe kwa zenyewe, kiasi kwamba tabia ya mfumo mzima haiwezi kujulikana kwa kuichunguza sehemu mojamoja ikiwa peke yake. Kundi la ndege warukao pamoja, kichuguu, mfumo wa kinga wa mwili, msitu na hali ya hewa yote ni mifumo ya aina hiyo.

Changamano si sawa na ngumu kueleweka. Saa ya mkononi ina vipuri vingi, na fundi huhitaji muda mrefu kuimudu. Hata hivyo kila kipuri kina kazi yake maalumu, na saa ikifunguliwa kisha ikaunganishwa upya kwa mpangilio uleule, itakwenda vilevile. Kwa upande mwingine, kundi la chungu lina sehemu zinazofanana mno, na kila chungu anafuata kanuni chache tu: akiokota chakula huacha alama ya kemikali njiani akirudi, na akikuta alama ya mwenzake huelekea kuifuata. Kutokana na kanuni hizo hutokea njia iliyonyooka kutoka kwenye chakula hadi kwenye kiota, ingawa hakuna chungu hata mmoja aliyeichora. Jambo hili, la tabia ya jumla kuzuka kutokana na maingiliano ya sehemu ndogondogo, huitwa uibukaji, na kwa maoni yangu ndicho kiini cha somo lote.

Pia ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Mwulize mwanafunzi ni nani anayewapanga chungu, naye atajibu bila kusita kwamba ni malkia. Malkia hutaga mayai, hatoi amri. Mtafiti Mitchel Resnick wa chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, aliyelichunguza suala hili kwa miaka mingi, alionyesha kwamba watu huelekea kudhani kuwa kila penye mpangilio pana kiongozi anayeupanga au chanzo kimoja kilichouleta. Fikra hiyo haitokani na uzembe, kwa sababu mambo mengi ya maisha yetu kweli yana msimamizi, kuanzia nyumbani hadi darasani kwenyewe. Kwa hiyo haitoshi mwalimu kumwambia mwanafunzi kwamba amekosea. Inabidi amfikishe mahali ambapo ataona kwa macho yake mpangilio ukitokea pasipo mpangaji.

Njia mojawapo haihitaji kifaa chochote zaidi ya kalamu na karatasi. Chukua darasa la wanafunzi 40. Katika kila duru kila mwanafunzi anampa mkono mwenzake mmoja, kisha anaandika jina la huyo mwenzake, na duru zinakwenda nane au tisa. Mwishoni mwalimu anatangaza jina la mwanafunzi mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa kubuni tangu mwanzo, na darasa linafuatilia kwenye karatasi zao nani aliambukizwa duru ya ngapi. Hesabu huanza kwa 1, ikawa 2, kisha 4, na hapo wanafunzi huwa tayari kutabiri kwamba itaendelea kujizidisha mara mbili hadi mwisho. Lakini kadiri duru zinavyosonga, wagonjwa huanza kupeana mikono wao kwa wao, na maambukizi mapya yakapungua. Idadi hizo zikichorwa kwenye grafu, mstari hupanda polepole, kisha kwa kasi, kisha hulala, ukawa kama herufi S iliyonyoshwa. Hapo ndipo mwalimu aulize: ni nani aliyeamua kwamba ugonjwa upunguze kasi? Kanuni ya mtu mmojammoja haikubadilika hata mara moja tangu duru ya kwanza hadi ya mwisho. Kilichobadilika ni hali ya kundi zima. Zoezi likirudiwa, idadi za kila duru hutofautiana na za kwanza, lakini umbo la grafu hubaki karibu lilelile, na mwanafunzi anajifunza tofauti kati ya kinachoweza kutabirika na kisichoweza.

Ustadi unaohitajika hapa ni kufikiri katika ngazi mbili kwa wakati mmoja: ngazi ya sehemu na ngazi ya mfumo. Kila ngazi ina maelezo yake, na kuzichanganya huleta makosa. Foleni ya magari inalionyesha hili waziwazi. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambamo magari 22 yaliendeshwa katika njia ya duara yenye mzingo wa mita 230, madereva wakiwa wameombwa waende kwa takribani kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na ajali, taa wala kona kali, lakini muda si mrefu foleni ilijitokeza yenyewe kutokana na tofauti ndogondogo za mwendo. Magari yalikuwa yakienda mbele, na foleni ikawa inarudi nyuma. Mwanafunzi anayeidhani foleni kuwa ni rundo la magari tu atalipinga jambo hilo. Anayeelewa kuwa ni umbo linaloundwa na magari yanayobadilishana nafasi halitamshangaza.

Kosa hilohilo la ngazi hujitokeza katika kemia. Tone la wino likidondoshwa kwenye maji tulivu, wanafunzi huandika kwamba chembe za wino zinatafuta sehemu yenye nafasi. Hakuna chembe inayotafuta kitu. Kila moja inasukumwasukumwa huku na kule bila mwelekeo maalumu, na kwa kuwa upande mmoja una chembe nyingi zaidi, zinazotoka upande huo ni nyingi kuliko zinazorudi.

Katika ikolojia tatizo huwa ni la mnyororo. Wanafunzi hufuata athari hatua moja, kutoka kwa mlaji hadi kwa anayeliwa, kisha wanasimama. Mwanaikolojia Robert Paine, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1966, aliwaondoa viti vya pweza, wanyama wa bahari wenye umbo la nyota, kwenye kipande cha mwamba katika pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Viti vya pweza hula kome. Walipokosekana, kome walienea na kunyakua nafasi, na spishi zilizoishi mahali hapo zikapungua kutoka 15 hadi 8, zikiwamo spishi ambazo viti vya pweza hawakuwa wakizila kabisa. Athari ilipitia kwenye nafasi ya kuishi, si kwenye chakula pekee.

Mrejesho, yaani tokeo linaporudi kukiathiri chanzo chake, nao haufai kuachwa. Sukari ikizidi katika damu, kongosho hutoa insulini na sukari hushuka. Huo ni mrejesho hasi, unaorudisha hali mahali pake. Barafu ya bahari ikiyeyuka, maji meusi yaliyofunuliwa hufyonza mwanga zaidi na kuyeyusha barafu nyingine. Huo ni mrejesho chanya, na chanya hapa haina maana ya jambo jema, tahadhari ambayo mwalimu ataitoa zaidi ya mara moja.

Kwa shule zenye kompyuta, programu ya NetLogo, iliyoundwa na Uri Wilensky mwaka 1999 na inayopatikana bila malipo, huwawezesha wanafunzi kuandika kanuni za kila kiumbe na kutazama mamia yao wakiingiliana. Faida yake kubwa ni kwamba mwanafunzi anaweza kuifungua modeli, akabadilisha kanuni moja na kuona kitakachotokea, badala ya kutazama mchoro uliokamilika. Sharti tu aiendeshe mara nyingi kabla ya kutoa hitimisho, kwa kuwa tokeo la mara moja huenda likawa la bahati, na ayalinganishe matokeo na vipimo vilivyochukuliwa nje ya kompyuta.

Kinachobaki nyuma mara nyingi ni mtihani. Swali linalosema taja sehemu za mfumo ikolojia hupima kumbukumbu ya majina, na mwanafunzi hulijibu vyema bila kuelewa chochote kati ya haya. Swali linalompa utando wa chakula, yaani mchoro wa nani anamla nani, likamwondolea spishi moja na kumtaka aeleze kitakachoipata spishi iliyo hatua tatu mbali, kwa njia mbili tofauti, humlazimisha kuufuata mwingiliano wenyewe.