Kuvujisha Siri za Kazini: Ni Lini Mwajiri Anaweza Kusitisha Ajira?

Mhasibu anayetuma orodha ya mishahara ya wenzake kwenye kundi la WhatsApp, au karani wa benki anayemsimulia jirani yake salio la mteja, amevunja uaminifu ambao ndio msingi wa mkataba wake. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri nchini Tanzania kumfukuza siku hiyo hiyo kwa hasira. Kifungu cha 37 kinamtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu ya kusitisha ajira ni halali na ya haki, na kwamba utaratibu wa haki umefuatwa.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka ipimwe kama mfanyakazi alivunja kanuni ya kazi, kama kanuni hiyo ni ya busara na inaeleweka, kama aliijua, kama imetumika kwa wote bila upendeleo, na kama kusitisha ajira ni adhabu inayolingana na kosa. Hapa ndipo waajiri wengi wanapojikwaa. Mkataba unaosema tu kwamba mfanyakazi "atatunza siri zote za kampuni" haumwelezi mtunza stoo ni taarifa ipi asiyopaswa kuitoa, wala kwa nani. Ushahidi nao huwa dhaifu: kompyuta moja inatumiwa na watu watatu kwa nywila moja, waraka unaonekana nje ya ofisi, na lawama zinamwangukia yule ambaye tayari alikuwa haelewani na meneja. Kwa maoni yangu, shaka ya namna hiyo haitoshi kumnyima mtu riziki yake.

Baada ya uchunguzi, mfanyakazi apewe tuhuma kwa lugha anayoielewa na muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48, kisha asikilizwe akiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake akitaka.

Zipo pia taarifa ambazo kuzitoa si kosa. Kifungu hicho cha 37 kinasema si sababu ya haki kusitisha ajira kwa kuwa mfanyakazi ametoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe. Anayempelekea mkaguzi wa kazi kumbukumbu za malipo yaliyo pungufu, kwa mfano, hawezi kuwekwa kapu moja na anayemuuzia mshindani bei za zabuni, hata kama karatasi zote mbili zimegongwa muhuri wa "Siri".

Mfanyakazi anayeona ameachishwa isivyo haki hupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ilipositishwa. Aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, kwa bahati mbaya, hana kinga hii.