Kupauka si kuchuja: rangi inayoliwa na jua hupimwaje?

Ukipita kwenye maduka ya vitenge karibu na Soko Kuu la Arusha, omba uoneshwe doti iliyokaa mbele ya duka siku nyingi, kisha uikunjue. Pale kilipokuwa kimekunjwa utaona mstari hafifu, kama mtu kapitisha chaki. Mwenye duka atakwambia, "Dada yangu, hilo ni vumbi tu, ukifua linatoka." Halitoki. Hicho kitenge kimepigwa jua, na hakuna sabuni ya kukirudisha.

Tuanze kwa kutenganisha maneno mawili ambayo mtaani tunayachanganya. Kuchuja ni rangi kuhama: inatoka kwenye nguo, inaingia kwenye maji ya beseni, na ukizembea inaingia kwenye shati jeupe la mtoto wa shule. Kupauka, au kufubaa, ni kitu kingine. Rangi haiendi popote. Inavunjika palepale ilipo. Molekuli ya rangi huonekana nyekundu au kijani kwa sababu inameza sehemu fulani ya mwanga na kuirudisha iliyobaki. Kumeza huko kunaiongezea nishati, na nishati hiyo, ikisaidiwa na oksijeni na unyevu wa hewani, hukata viungo vya molekuli yenyewe. Ikishakatika haimezi tena mwanga uleule, basi na rangi imekwisha. Miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ndiyo yenye makali zaidi, ikifuatiwa na mwanga wa bluu. Sabuni inasingiziwa mengi.

Kila anayepika analijua jambo hili bila kulipa jina. Doa la bizari ya manjano kwenye kanga nyeupe linakataa kutoka hata ukisugua mpaka vidole vichubuke. Ianike kanga juani, jioni doa limepungua au limetoweka kabisa. Rangi ya bizari hiyo ni dhaifu mno mbele ya mwanga. Nili, ile rangi ya bluu ya asili, ikiwa kwenye sufu hustahimili kwa muda mrefu zaidi. Uwezo huo wa kuvumilia ndio wataalamu wanauita ustahimilivu wa rangi kwa mwanga, na ndio unaopimwa.

Kuupima kuna kikwazo: jicho halina kumbukumbu ya rangi. Pazia linapauka kidogo kidogo kwa miaka, nawe unaliona lilelile, mpaka siku fundi afumue upindo na rangi ya zamani ijitokeze ndani ya mshono ikikucheka. Kwa hiyo kipimo chochote cha kupauka lazima kiwe cha kulinganisha: sehemu iliyopigwa mwanga iwekwe kando ya sehemu iliyofichwa.

Viwanda vya nguo hutumia kifaa cha kushangaza kwa urahisi wake, yaani Kipimo cha Sufu ya Bluu. Ni vipande 8 vya sufu vilivyotiwa rangi 8 tofauti za bluu. Namba 1 hupauka upesi kuliko vyote, namba 8 huchelewa kuliko vyote, na kila kipande huchukua takriban mara mbili ya muda wa kilichokitangulia. Kitambaa kinachopimwa hupangwa pamoja na vipande hivyo, vyote vikafunikwa nusu, kisha vikawekwa chini ya taa kali ya zenoni inayoiga jua. Kitambaa kikipauka sawasawa na kipande namba 4, basi ustahimilivu wake ni 4. Hakuna haja ya kuhesabu saa wala kubishana jua la leo lilikuwa kali kiasi gani, kwa kuwa kipimo na kinachopimwa vimepigwa na mwanga uleule. Utaratibu huu umo katika viwango vya kimataifa vya ISO 105.

Ikihitajika namba badala ya jicho, kuna mashine inayosoma rangi kwa mihimili mitatu: weupe na weusi, wekundu na ukijani, umanjano na ubluu. Mfumo huo ulikubaliwa mwaka 1976. Umbali kati ya rangi ya kabla na ya baada huandikwa kama tarakimu moja, na kwa jicho la kawaida tofauti huanza kuonekana kwenye 1 au 2 hivi.

Upande wa pili ni kupima mwanga wenyewe, na hapa ndipo hesabu inaponinyima usingizi. Ukali wa mwanga hupimwa kwa luksi, na dozi ni luksi ukizidisha kwa saa. Makumbusho mengi duniani huweka nguo za kale na michoro ya rangi za maji kwenye luksi 50 tu. Chumba kikiwashwa saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, dozi ni luksi-saa 120,000. Rangi dhaifu, yenye ustahimilivu wa 1 kwenye kipimo cha sufu, huanza kuonesha mabadiliko kwenye luksi-saa 300,000 hivi, yaani baada ya miaka miwili na nusu. Sasa njoo kwenye kamba ya kuanikia. Jua la mchana bila wingu ni kama luksi 100,000. Muda wa saa tatu tu, na miaka yote miwili na nusu ya makumbusho imemalizika kabla chakula cha mchana hakijaiva. Tena Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000.

Kioo cha dirisha hupunguza urujuanimno lakini mwanga unaoonekana hukipita, kwa hiyo pazia bado linaliwa. Tazama mabango ya mitindo ya nywele kwenye saluni: yale ya siku nyingi yamegeuka bluu yote, kwa sababu wino mwekundu na wa njano hufa kwanza, wa bluu hubaki.

Kazi ya sanaa huwezi kuifunika nusu ukaichoma nusu. Kwa hiyo mwaka 1999 mtafiti Paul Whitmore na wenzake nchini Marekani walieleza kifaa kinachomulika nukta ndogo kuliko nusu milimita kwa mwanga mkali sana, huku kikisoma rangi ya nukta hiyo papo hapo. Mpimaji anazima taa kabla jicho halijaweza kuona alama yoyote, na tayari ameshajua rangi ile iko karibu na sufu namba ngapi.

Nyumbani mimi nina kipande cha kitenge dirishani, upande wa mashariki, nusu yake imefungwa kwa karatasi ya fedha ya kufunikia chakula. Nimeandika tarehe kwa peni pembeni. Waridi imeanza kukimbia. Bluu ya chinichini bado imenigomea. Nikienda kununua kitambaa cha mapazia nitabeba kipande hicho, nimkunjulie mwenye duka karatasi mbele yake, nimsikie atasema ni vumbi la wapi.