Kushinda rufaa ya kadi nyekundu hakurudishi mechi

Kwenye mabaraza ya kahawa Majengo, Mombasa, utasikia: "Tukishinda rufaa ya ile kadi, mechi itarudiwa." Sivyo. Kwa sheria za soka, uamuzi wa refa kuhusu tukio la mchezo, pamoja na matokeo, ni wa mwisho. Rufaa hulenga adhabu ya kukosa mechi zijazo, basi.

Machi 2014, Chelsea ikicheza na Arsenal, Alex Oxlade-Chamberlain wa Arsenal aliuzuia mpira kwa mkono, refa akamtoa mwenzake Kieran Gibbs! Mwenye kosa alimwambia refa kuwa ni yeye, wapi. Baadaye Gibbs alifutiwa adhabu, lakini 6-0 ya Chelsea ikabaki palepale.

Inauma kweli, na hasira za mashabiki nazielewa: timu iliyopunguziwa mchezaji kimakosa haifidiwi hata pointi moja.