Kupewa Besi Bure Si "Tu"

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba mchezaji bora wa besiboli aliye hai ni yule mwenye homurani nyingi kuliko wote, yaani mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote na kufunga pointi. Sawa, nikamtaja Barry Bonds na homurani zake 762. Mtu huyohuyo akageuka: "Aa, huyo mwaka 2004 alikuwa anapewa besi bure tu."

Tu! Neno hilo limenichosha. Besi bure ni pale mrushaji anaporusha mipira minne isiyofaa kupigwa, na mpigaji akaenda besi ya kwanza bila kupiga.

Ninapofungua daftari la alama, naanza na auti, yaani mpigaji au mkimbiaji kutolewa. Timu ina auti 27 katika mechi ya kawaida, zikiisha, umekwisha. Asiyetoa auti anawaachia wenzake nafasi ya kupiga. Mwaka 2004 Bonds alishika zamu 617 za kupiga na kufika besi mara 376. Mara 232 alipewa besi kwa mipira minne, 120 kati ya hizo kwa makusudi kabisa. Makocha hawagawi besi kwa huruma.

Tarehe 28 Mei 1998 Arizona walikuwa mbele 8–6 dhidi ya timu ya Bonds, awamu ya 9 ambayo ndiyo ya mwisho, auti mbili, besi zote zimejaa wakimbiaji. Buck Showalter, kocha wa Arizona, akaamuru Bonds apewe besi, ingawa hilo lingemsukuma mkimbiaji wa besi ya tatu kufunga. Mdakaji akasimama, akasogea pembeni, mipira ikarushwa huko ambako gongo halifiki. Pointi ikaingia bila mpira kuguswa: 8–7. Kocha aliona afadhali alipe pointi moja kuliko kumwachia Bonds apige hata mara moja. Akafuata mpigaji mwenzake Brent Mayne, mpira wake ukadakwa upande wa kulia, mechi ikaisha. Bonds hakupiga kitu, na bado sijaona heshima kubwa kuliko hiyo uwanjani.

Taji lenyewe la mchezaji bora aliye hai lina utata wake. Mwaka 1969 kura zilimpa nyota wa zamani Joe DiMaggio, akakaa nalo mpaka alipofariki mwaka 1999, na miaka yote hiyo nyota mwingine, Willie Mays, yupo hai! Kwangu lilikuwa la Mays, hadi alipotutoka Juni 2024.

Na tuhuma kwamba Bonds alitumia dawa za kuongeza nguvu? Hapo nakwama. Bonds alikuwa na tuzo 3 za mchezaji bora wa ligi kufikia 1993, hizo sina shaka nazo. Zile 4 za 2001 hadi 2004 kuna siku nazihesabu, kuna siku naziacha.

Shohei Ohtani, anayerusha na pia kupiga, naye ananinyima usingizi. Mwaka 2024 alipiga homurani 54 na kuiba besi 59 (kukimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa), tena msimu ambao hakurusha hata mpira mmoja kwa sababu ya kiwiko. Akiweza kurusha na kupiga miaka mitano mingine, nitamtaja yeye.